Mswahili katika Siberia

Makala nyingi za safari za siku hizi zinanichosha. Kila mahali panaitwa "pasipojulikana", kana kwamba hapana wenyeji. Ndiyo maana napenda kuirudia habari ya Salim bin Abakari, Mkomoro aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, Theodor Bumiller. Carl Velten aliichapisha mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli.

Kinachonivutia ni kwamba Salim hatazami tu, naye anatazamwa. Kwa watu ambao hawajawahi kumwona mtu mweusi, kioja ni yeye. Msimulizi wa namna hiyo hawezi kujifanya mgunduzi. Hata hivyo, tusiisome kwa ushabiki: msafara haukuwa wake, na aliyekichapisha kitabu ni Mjerumani mwingine. Msomaji asilisahau hilo hata ukurasa mmoja.

Lakini kipimo ameshatuachia. Ukirudi kutoka huko ulikokwenda, usituhadithie ulichokiona tu. Tuambie pia wenyeji walikuonaje.