Makanisa Yasiyo na Paa Yamenimaliza!

Wewe, acha unachofanya, keti nikwambie! Nimetoka sasa hivi kwa rafiki yangu hapa Kitui mjini, na vidole bado vinanitekenya, maana nimeshika, nimeshika kwa mikono yangu hii, karatasi za karibu miaka 200 zenye picha za makanisa ya Ufaransa yaliyobomoka. Makanisa ya enzi za kati, hayana paa, hayana kengele, yameota miti kichwani! Nilikwenda nikitarajia huzuni tupu. Huzuni gani! Ni tamu, tamu kweli kweli, tamu mpaka unasahau chai inapoa, na bado!

Karatasi yenyewe kwanza. Nene, laini, imeingia umanjano kwenye kingo. Ipeleke dirishani, jua letu kali la saa sita liipige ubavuni, uone ule weusi unavyofunguka: weusi wa pango, weusi wa moshi, weusi mwepesi unaokaribia kuwa hewa. Sogeza jicho zaidi. Mistari imepitana, ikabana, ikalegea, kama nyuzi za kyondo kilichosukwa na mama wa Makueni anayejua kazi. Halafu pale chini, kwenye kona, mtu! Mdogo kuliko punje ya wimbi, amesimama chini ya tao kubwa, anatazama juu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Na ukipitisha kidole, hakuna bonde wala mlima. Hiyo ni lithografia, ufundi aliobuni Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, na siri yake ni mafuta na maji kukataana, basi! Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, unalilowesha, unapaka wino. Wino unang'ang'ania mafuta, unakimbia maji. Kanisa la mawe, limechorwa juu ya jiwe! Jamani!

Iliyonimaliza kabisa ni Jumièges, kule Normandy. Minara miwili mirefu ajabu, katikati wazi, mbingu ndiyo dari. Kanisa hilo la watawa liliwekwa wakfu mwaka 1067. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likauzwa, likageuzwa machimbo, watu wakawa wanalibeba vipande vipande wakajengee kwingine! Ndipo Baron Taylor na Charles Nodier walipoanza, mwaka 1820, kutoa majuzuu makubwa ya Voyages pittoresques et romantiques dans l'ancienne France. Wachoraji wanakimbizana na nyundo! Mmoja wao alikuwa Louis Daguerre, huyo huyo ambaye ufundi wake wa kupiga picha ulitangazwa duniani mwaka 1839. Na bado! Majuzuu yale yaliendelea kutoka mpaka 1878, kwa hiyo tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Krapf alipokuwa hapa hapa Kitui, mgeni wa Kivoi, chifu wa Wakamba, akiuona Mlima Kenya kwa mara ya kwanza, kazi hii ilikuwa ndiyo kwanza imefika kama nusu ya safari yake. Hapo ndipo nilipopiga kelele, mwenye nyumba akaja mbio.

Sawa, zipo zilizotiwa chumvi. Mawingu mengi mno, mwezi mkubwa mno, mtawa mwenye kofia anajitokeza utadhani ameitwa na mpiga picha. Hizo zipite haraka. Zilizo bora ni zile ambazo majani yanatambaa ukutani bila haraka na mwanga unaingia mlangoni kama mwenyeji. Natamani, natamani sana, kijana wetu mmoja ashike kalamu ya mafuta aende Kibwezi, ambako misheni ya Waskoti ilianza 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898, atuchoree mibuyu na vumbi jekundu kwa weusi huo huo. Weh! Mbuyu kwa lithografia! Hebu fikiria lile gamba!

Basi usibaki nyuma. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeweka picha hizi kwenye Gallica, bure, na simu yako inatosha. Tafuta Jumièges, kuza picha, kuza tena, tena, mpaka umwone mtu mdogo amejificha mahali. Ukimpata nipigie, hata kama ni saa nane usiku, nitapokea!