"Kutokana na Chanjo": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Afya

Miongoni mwa istilahi za afya zilizoenea miaka hii, iko moja ambayo hatuna budi kuipima upya, nayo ni "virusi vya polio vitokanavyo na chanjo".

Istilahi hii ilisikika sana mwaka 2023. Mwezi Machi Burundi ilitangaza mlipuko wa virusi hivyo. Baadaye vilithibitishwa kwa mtoto mmoja mkoani Rukwa. Mwezi Septemba Serikali yetu, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilitoa chanjo ya matone kwa watoto wenye umri chini ya miaka 8 katika mikoa 6, Katavi ukiwa mmojawapo.

Wataalamu waijua maana yake. Virusi vilivyodhoofishwa, vilivyomo katika matone, hutoka katika kinyesi cha mtoto aliyechanjwa. Mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, virusi hivyo huweza kuambukizwa kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, vikageuka na kurudiwa na uwezo wa kupoozesha. Kiini cha mlipuko, basi, ni uchache wa waliochanjwa.

Istilahi yenyewe haisemi hivyo. Katika Kiswahili "kutokana na" huweza kuonyesha asili, lakini mara nyingi huonyesha sababu: kifo kilichotokana na ajali, njaa iliyotokana na ukame. Mzazi wa Mpanda mjini, au wa makazi ya Katumba na Mishamo yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, akiisikia ana haki ya kuuliza: ikiwa maradhi yameletwa na chanjo, mbona mwaniletea chanjo tena?

Wako watakaosema kwamba heri neno "chanjo" liondolewe kabisa katika istilahi hiyo. Hatukubaliani nao. Asili ya virusi hivyo ni kweli, na mzazi akigundua kuwa alifichwa hatatuamini tena. Twapendekeza "virusi vya chanjo vilivyogeuka". Hapa asili imetajwa, na hatua ya katikati haikurukwa. Mwalimu au mhudumu wa afya akiulizwa vimegeuka wapi, atajibu: miongoni mwa wasiochanjwa.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma waipime istilahi hii katika kazi zao, na kutuletea maoni yao.