Mkono Unaojizuia

Mafundi wengi husifiwa kwa yale wanayoyafanya. Fundi wa diski, yule aliyeiva, hujulikana kwanza kwa yale anayoyakataa. Huyu wa hapa Ifakara nilimkuta amewekewa mezani seva ya nyumbani, boksi la diski nne lililozimika, naye mikono yake iko mapajani. Alikuwa akiuliza tu. Lilizimika lini? Umeme ulikatika moja kwa moja, au ulikuwa unakuja na kuondoka? Nani aliliwasha tena? Kuna mtu aliyezichomoa diski, na alizirudisha kila moja pale ilipotoka?

Mwenye boksi ni mwalimu mstaafu. Alikuwa amepitia kwa fundi mwingine kabla.

"Yule kijana aliniambia nimwachie alifomati, litarudi kama jipya."

"Litarudi, mwalimu," fundi alimjibu, "lakini litarudi tupu. Nakuomba sana, asiliwashe mtu tena."

Ombi hilo limebeba nusu ya ufundi wake. Diski iliyoanza kuugua huweza kujiumiza zaidi kila inapozungushwa, na kilichoandikiwa kitu kingine juu yake hakirudi, hata aje mtaalamu wa namna gani. Ndiyo maana huyu haandiki chochote, hata herufi moja, kwenye diski ya mteja. Anasoma, ananakili kwenye diski zake mwenyewe, na kujaribu kote anakufanyia juu ya nakala. Ni fani chache ambamo nimeona mali ya mtu ikiheshimiwa kiasi hicho.

Ndani ya boksi mlikuwa na mambo ya nyumba yoyote: ubatizo, mahafali, harusi za watoto, misiba. Na mlikuwa na kivuko.

Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, zile mita 384 tunazozipita sasa tukiwa tunaongea na simu, safari ya Lupiro au Mahenge ilianza kwa kusubiri ukingoni. Mwalimu alikuwa na kamera ndogo siku hizo, akarekodi kile ambacho sisi wengine tulikiona cha kila siku. Malori yamepangana. Magunia ya mchele, baiskeli zilizobebeshwa mkaa, kina mama na mabeseni ya samaki, wanafunzi wenye sare wakining'inia kwenye kamba za mizigo mpaka wafukuzwe. Maji ya masika yana rangi ya udongo, yanapita yamebeba matete. Katikati ya yote hayo mkewe amesimama, mtoto yuko mgongoni, anamwambia aache kupiga picha aje ashike mzigo. Mama huyo alishafariki. Sauti yake haikuhifadhiwa mahali pengine popote.

Sikililii kivuko chenyewe. Januari 2016 kilipinduka, na aliyewahi kuvuka mto ule ukiwa umejaa hawezi kulichukia daraja. Ninachokililia ni ile saa ya kusubiri, ambapo mtu wa Ulanga na mtu wa Kilombero walikaa kwenye gunia moja wakaulizana habari za mashamba na wagonjwa. Saa hiyo imeondoka, na ushahidi wake tumeuweka kwenye vyombo ambavyo hatuvijali.

Maana diski zile nne zilinunuliwa siku moja, duka moja. Zilikuwa na umri mmoja, zikala joto lilelile la bonde hili lililo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, zikapigwa na umeme uleule. Mwaka 1988, huko Berkeley, Marekani, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz waliandika juu ya kuziunganisha diski za bei nafuu ili zilindane, na ni wazo zuri. Kwa mpangilio aliokuwa nao mwalimu, moja ikifa, tatu zilizobaki hukokotoa kilichokuwa ndani yake. Moja tu. Na ya kwanza ilikuwa imekufa miezi mingi nyuma. Taa ya rangi ya chungwa iliwaka ndani ya kabati la sebuleni, ikaendelea kuwaka, wajukuu wakaizoea. Picha zilifunguka kama kawaida, nani angeuliza? Masika ilipofika umeme ukaanza kuyumba, ya pili ikafuata. Ni kifo cha pili ndicho kilichotangazwa.

Hapa sitaki kuwa mpole. Watu wanaambiwa dukani kwamba boksi la namna hii ni salama, wanarudi nyumbani wakiamini wameshaweka nakala. Hawajaweka. Diski zilizo ndani ya boksi moja, kwenye soketi moja, chini ya bati moja, mwizi huzichukua zote kwa mkono mmoja, na mtoto akifuta folda inafutika kotekote. Nakala ni ile iliyolala nyumba nyingine. Babu zetu waliweka mbegu za mpunga kwa ndugu wa kijiji cha pili. Sisi tunashindwa kuweka diski moja kwa shemeji.

Kazi ilianza kwa kalamu ya wino mzito. Moja, mbili, tatu, nne, kwenye mgongo wa kila diski, kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa. Kisha akasoma kwenye kila moja ile hesabu ambayo mfumo huiongeza kila kundi la diski linapobadilika. Mbili zililingana. Ya tatu ilikuwa nyuma kidogo sana. Ya nne ilikuwa nyuma mno, imekwama kwenye miezi ya zamani, na ajabu ni kwamba baada ya kupumzika ilisomeka kwa urahisi kuliko ile ya tatu. Fundi mwenye haraka angeishika hiyohiyo. Huyu aliiweka pembeni kabisa.

"Hii inakumbuka mambo ya zamani, mwalimu. Nikiichanganya na wenzake itawadanganya."

Basi ikabaki ile ya tatu, yenye majeraha. Ingekuwa inagonga, ile tik-tik ya vichwa vya kusomea vilivyoharibika, asingeigusa: vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa chini ya nanomita 10, na anayeifungua diski kwenye chumba chenye vumbi la barabara na pumba za mashine ya kukoboa anaizika. Hii haikugonga. Ilikuwa na sehemu zisizosomeka, na hapo ndipo uvumilivu wake ulipoingia kazini.

Programu anayoitumia ni ddrescue ya Antonio Díaz Díaz, ambayo haiuzwi. Huvuna diski kama mkulima wa hapa anavyovuna shamba lililolazwa na mvua upande mmoja: mpunga uliosimama kwanza, wote, upesi, kisha anarudi kwenye uliolala, mwisho anaokota masazo. Asiyejua huanza na pale palipoharibika, akang'ang'ana napo mpaka diski ikafa mikononi mwake na yale mazuri hajayachukua. Diski ya terabaiti 4 iliyo nzima humalizwa kwa saa saba au nane. Iliyojeruhiwa yaweza kula siku kadhaa, hata wiki, na siku za mwisho huenda kwa vipande vidogo ambavyo hujui kama vina picha ya mtu au nafasi tupu.

Pembeni programu hiyo huweka daftari: kipi kimepatikana, kipi bado, kipi kimekataa. Umeme ukikatika na kurudi, kazi inaendelea pale ilipoishia. Kwa mji wetu hilo ni jambo kubwa. Bwawa la Kidatu linazalisha umeme tangu 1975, la Kihansi tangu 2000, yote mawili kwa maji yanayoshuka milima hii ya Udzungwa au kuizunguka, na bado jioni ya masika balbu ya fundi hufifia ikazimika. Hakulalamika. Aliangalia daftari lake kwenye laptopu, akaniambia tunywe chai.

Bonde hili lilijua kutunza kumbukumbu. Tangu mwaka 1957, Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, watu hapa wameandika: mbu, homa, watoto. Kuanzia 1996 wadadisi wamepita nyumba kwa nyumba Kilombero na Ulanga wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kutokana na madaftari hayo dunia ilisoma mwaka 2001 kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo wa huku kwa asilimia 27. Takwimu hiyo ipo kwa sababu hakuna aliyeona karatasi ya kaya moja ni kitu kidogo. Wenyewe majumbani, tunaona.

Fundi alinakili na zile mbili nzima, akaliunganisha kundi kwa nakala tatu, akalifungua kwa kusoma tu. Folda zikatokea. Si zote zilikuwa salama. Harusi ya binti mkubwa ilirudi vipandevipande, na fundi alilisema hilo waziwazi kabla ya kuulizwa. Video ya kivuko ilifunguka. Mahali fulani picha inavunjika, inaganda kwenye lori, lakini sauti inaendelea: njoo ushike mzigo. Mwalimu aliomba irudiwe.

Vijana waliowahi kujifunza kwa fundi huyu wameondoka kwenda kubadilisha vioo vya simu, kazi inayolipa saa ileile. Siwalaumu, wana familia. Wateja wenyewe ndio waliowafukuza. Mtu anaambiwa bei ya kazi ya wiki nzima, anasema, "Si kukopi tu?" na anaondoka akidhani nusura aibiwe. Anaishia kibanda cha kwanza chenye neno "kufomati" ukutani, dakika chache boksi linawaka, taa zote za kijani, na diski zake zinaingizwa filamu zilizotafsiriwa. Maboksi ya namna hiyo ni mengi kuliko yale yanayomfikia huyu. Wenyewe wameambiwa hakukuwa na la kufanya, na wameamini.