Mistari Inayoanzia Kwenye Nibu

Chukua kalamu ya nibu bapa uandike Nkanka, kisha chini yake uandike Cyangugu, majina mawili ya mahali huko Rwanda. Jina la kwanza lina k mbili zinazopanda na halina herufi hata moja inayoshuka. La pili lina y moja na g mbili, zote na mikia, na ukiiondoa C ya mwanzo hakuna kinachopanda. Daftari la shule lenye mstari mmoja halimwonyeshi mwanafunzi k ifike wapi wala mkia wa g ukomee wapi, na hapo ndipo mwandiko unapoharibika. Karatasi ya mazoezi inataka mistari minne kwa kila safu: wa kilele, wa kiuno, wa msingi na wa mikia.

Kazi iko kwenye umbali kati ya mistari hiyo. Karatasi nyingi za kupakua hupangwa kwa namba inayopendeza, milimita 8 au 10, kama vile kalamu zote ni sawa. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Edward Johnston, mwalimu wa London ambaye kitabu chake cha mwaka 1906 kilifufua ufundi huu Uingereza, alipima kimo cha herufi kwa upana wa nibu. Miaka karibu elfu moja kabla yake, Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anatajwa kuwa ndiye aliyeipima alifu kwa nukta za kalamu ileile inayoiandika. Kalamu nene hutaka herufi kubwa, nyembamba hutaka ndogo, na uwiano haubadiliki.

Tuseme nibu ni ya milimita 2 na hati ni ya italiki. Kiwiliwili cha herufi nimekipa nibu 5, sehemu ya kupanda 5, ya kushuka 5. Jumla ni 15, yaani milimita 30 kwa safu, na kati ya safu na safu naacha nibu 2, milimita 4. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ukiacha pambizo ya 15 juu na 15 chini, zinabaki 267. Safu 8 pamoja na nafasi zake 7 zinahitaji 268! Milimita moja tu inakunyima safu nzima. Usibane herufi ili zienee. Punguza pambizo ziwe 14, safu ya nane itaingia na milimita moja itabaki. Halafu italiki huinama kidogo, kwa hiyo weka mistari ya mshazari yenye nyuzi 7 kutoka wima. Katika kimo cha milimita 30, kila mstari husogea kulia kwa milimita 3.7 hivi.

Mistari hii inaweza kuchorwa kwa programu yoyote ya kuchora. Mimi napendelea PostScript, lugha ya kurasa iliyotolewa na Adobe miaka ya 1980, kwa sababu faili lake ni maandishi matupu: unataja upana wa nibu mara moja, na vipimo vingine vyote vinakokotolewa kutokana nao. Ghostscript, ambayo ni ya bure, hugeuza faili hilo kuwa PDF. Kumbuka mambo mawili: PostScript huhesabu kuanzia kona ya chini kushoto, na kipimo chake ni sehemu ya 72 ya inchi, hivyo milimita moja ni 2.835.

Hesabu nzuri yote inaweza kufia kwenye printa. Mtu wa Nkanka akipeleka faili kuchapwa mjini Kamembe, kompyuta ya dukani huenda imewekwa ibane ukurasa uenee ndani ya pambizo za printa. Ikibana hadi asilimia 97, kiwiliwili cha milimita 10 kinakuwa 9.7, na nibu 5 zinakuwa 4.85. Kwa macho huoni kitu, lakini mkono unajifunza uwiano usio sahihi. Dai asilimia 100, na pembeni mwa karatasi chora mstari wa milimita 100 wa kupimia. Weka rula juu yake kabla hujaondoka dukani.

Kuchapa karatasi nyingi za mistari hafifu ya kuandikia juu yake naona ni kupoteza pesa. Wino wa maji wa printa nyingi huchanganyika na wino wa kalamu na kuacha madoa. Unga wa printa ya leza ni plastiki iliyoyeyushwa, na wino haushiki vizuri juu yake. Mistari ya kijivu nayo huvunjwa na leza kuwa vidoti. Chapa karatasi moja tu, mistari myeusi ya milimita 0.4, uiweke chini ya karatasi tupu ya gramu 80, karibu na dirisha. Mistari itaonekana.

Wanakili wa nchi za Kiislamu walifanya jambo linalofanana na hili kwa ubao uliofungwa nyuzi: karatasi ililazwa juu yake, ikasuguliwa kwa kidole, na nyuzi zikaacha alama bila tone la wino. Ubao mmoja ulitosha kwa msahafu mzima, kila ukurasa na idadi ileile ya mistari. Karatasi yako moja nyeusi nayo itatumika mpaka ubadilishe nibu. Siku hiyo fungua faili, andika 1.5 penye 2, na A4 ileile, kwa pambizo zilezile, itakupa safu 10.