Wakili, Ijaza na Haki ya Mjane

 

Mwaka 2022, Shule ya Sheria kwa Vitendo Tanzania ilitoa matokeo ya watahiniwa 633: waliofaulu moja kwa moja ni 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wengi walidai mtihani ulikuwa mgumu mno. Sisi hatukubaliani na hoja ya kuulegeza.

Katika hadithi ya Ummu Salama, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa mgomvi mmoja huweza kuwa hodari wa hoja kuliko mwenzake, akapewa haki ya nduguye, kumbe amekatiwa kipande cha moto. Basi ulimi wa wakili ni amana. Imam Malik (r.a.) amepokewa kuwa hakutoa fatwa mpaka wanavyuoni sabini walipomshuhudia kuwa anastahiki.

Hata hivyo, mtihani peke yake haumlei mtu. Katika ijaza, mwalimu humshuhudia mwanafunzi aliyekaa naye, akamsahihisha na kuijua tabia yake. Mamia wakisomeshwa kwa mkupuo mmoja, nani atamshuhudia nani? Kasoro tunaiona hapo: leseni imefungamana na alama kuliko suhuba ya wakili mzoefu na mwadilifu.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya Dar es Salaam. Mirathi ya Kiislamu ya mtu wa Ntalikwa husikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumni yake kwa nassi ya Qur'ani. Akiangukia kwa kishoka anayejiita wakili, au kwa wakili halali asiyejua faraidhi, thumni hiyo hupotea kwa karatasi moja.

Nasi tujihesabu. Wapo miongoni mwetu waliohifadhi Rahbiyya bila kuielewa, nao wanagawa mirathi za watu. Hao nani aliwapa ijaza? Anayedai mizani kwa mawakili aanze kuisimamisha madrasani kwake.

Wallahu a'lam.