SHA inaona mabati, haioni mfuko wa nyanya

Tuanze na sifa, maana zipo. Sheria za afya ambazo Kenya ilipitisha 2023 zimeipa huduma ya msingi mfuko wake. Ukishajisajili SHA, zahanati na kituo cha afya hakikutozi. Serikali ndiyo inayolipa. Ukilazwa hospitali kubwa, hapo unategemea mchango wako wa SHIF. Kwa aliyeajiriwa hesabu ni rahisi: asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato.

Je, asiye na mshahara? Serikali haijui mama mboga anapata ngapi, basi inakisia. Unaulizwa ukuta wa nyumba ni wa nini, choo ni cha aina gani, una mifugo wangapi. Fomula inageuza majibu yako kuwa kipato, kisha kipato kuwa mchango.

Mbinu hii si ya Kenya peke yake, na kasoro yake inajulikana. Makadirio ya namna hii huvutwa kuelekea wastani: maskini kabisa anaonekana ana afadhali, na tajiri anaonekana mtu wa kawaida. Anayeumia ni yule wa chini.

Kwa wazee mambo ni mabaya zaidi. Hebu fikiria nyanya wa miaka 75. Nyumba ya mawe alijengewa na mwanawe zamani. Leo kinachoingia ni shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi. Fomula inahesabu mawe. Hata akipangiwa kiwango cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600, yaani karibu posho ya miezi miwili. Ndiyo, kuna mpango wa kukopa ulipe polepole, lakini deni ni deni.

Asipolipa, zahanati itampima presha bure, na ikizidi itamwandikia rufaa. Sasa rufaa hiyo aipeleke wapi?

Mimi ningeondoa maswali hayo kwa kila anayepokea Inua Jamii, na serikali imlipie. Orodha iko tayari, na umri haukisiwi, uko kwenye kitambulisho. Wachache wenye uwezo watapenya, sawa. Kosa hilo naweza kuishi nalo kuliko hili la sasa.

Ukienda ushago wikendi, muulize nyanya yako alipangiwa ngapi. Kisha muulize kama amelipa.