Wanga, Saumu na Mfupa wa Mkimbiaji: Walipimaje, Walipata Nini

Mtafiti akitaka kujua chakula kinaufanya nini mwili wa mwanamichezo, kazi ngumu kuliko zote ni kuhakikisha kwamba mwanamichezo huyo anakula kile anachosema anakula. Tafiti nyingi za lishe zinajengwa juu ya kumbukumbu: jana ulikula nini, juzi je? Watu husahau, na wengine huficha. Ndiyo maana jaribio lililofanyika Canberra, Australia, mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, linastahili kusomwa taratibu na kila kocha anayeulizwa na vijana wake kuhusu kuacha wanga.

Louise Burke na wenzake katika Taasisi ya Michezo ya Australia waliwaita wanamichezo wa matembezi ya kasi, wengine wao wa ngazi ya Olimpiki, wakawaweka kambini kwa takribani wiki tatu na kuwalisha wao wenyewe. Kila sahani ilipimwa kabla haijafika mezani. Mradi waliuita Supernova. Kundi la kwanza lilikula wanga kwa wingi kila siku. La pili lilipata kiasi kilekile cha wanga kwa jumla, ila kiligawanywa kwa mzunguko, ili mazoezi mengine yafanyike akiba ya wanga ikiwa chini. La tatu lilikula mafuta, karibu asilimia 80 ya nguvu zote za siku, na wanga usiozidi gramu 50. Ili msomaji wa huku apate picha, sahani moja ya kawaida ya ugali inavuka gramu hizo 50 bila shida. Watu hawa walikuwa wakitembea makumi ya kilomita kwa wiki huku wakinyimwa hata sahani hiyo.

Matokeo ya mwendo yalitoka 2017. Waliokula mafuta walijifunza kweli kuyachoma, na kwa kiwango kikubwa sana. Lakini walihitaji oksijeni zaidi ili kwenda kwa kasi ileile, na katika shindano la kilomita 10 hawakuboresha muda wao, ilhali makundi mawili ya wanga yaliboresha kwa zaidi ya asilimia 5. Mjadala wa kasi umeandikwa sana. Kinachonishughulisha mimi ni kile kilichoonekana baadaye, damu ya wanamichezo wa kambi hizo ilipochunguzwa kwa ajili ya mifupa.

Mfupa wa mtu mzima haukai kama ulivyo. Kuna seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga upya, usiku na mchana, na kazi zote mbili huacha vipande vya protini kwenye damu. Kipande kiitwacho CTX huonyesha ubomoaji. Kingine, P1NP, huonyesha ujenzi. Ida Heikura na wenzake walivipima kwa wanamichezo 30 wa matembezi ya kasi, kabla na baada ya wiki tatu na nusu za lishe, wakiwa wamepumzika na pia baada ya mazoezi marefu. Waliokosa wanga walionyesha CTX ikipanda kwa takribani asilimia 22 wakiwa wamepumzika, na P1NP ikishuka kwa takribani asilimia 14. Ubomoaji uliongezeka na ujenzi ukapungua, kwa wakati mmoja, katika mifupa inayogonga barabara kila siku. Wanga uliporudishwa, kiashiria cha ubomoaji kilirudi nyuma, lakini ujenzi wakati wa mazoezi ulibaki chini.

Hapa ustadi wa upimaji ni muhimu kuliko tarakimu. CTX huwa juu alfajiri na hushuka mtu akila. Ukimpima mmoja saa 12 asubuhi kabla ya chai na mwingine saa 5 baada ya kifungua kinywa, utaona tofauti kubwa isiyohusiana na lishe yao ya mwezi. Kwa hiyo damu ilichukuliwa kwa utaratibu uleule, mfungo uleule wa usiku, mazoezi yaleyale. Maabara inayompima mchezaji wakati wa Ramadhani bila kuzingatia saa yake ya mwisho kula itatoa jibu lisilo na maana.

Pingamizi moja lilibaki, na lilikuwa zito. Pengine tatizo si wanga bali njaa. Mtu anayeacha ugali, wali na viazi mara nyingi hula kidogo kwa jumla, na inajulikana wazi kwamba upungufu wa nguvu kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa ya wanamichezo, huvuruga hedhi kwa wanawake na huleta nyufa za mfupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lake kuhusu hali hiyo 2014. Jibu lilikuja 2022, kambi nyingine ikiwa na wanaume 28 wa matembezi ya kasi. Safari hii kundi moja lilinyimwa wanga lakini likashibishwa kwa mafuta, na jingine likapunguziwa chakula chote huku uwiano wa wanga ukiachwa juu. Baada ya siku sita tu, viashiria vya mfupa viliharibika zaidi kwa waliokosa wanga kuliko kwa waliokuwa na njaa. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio lililo safi kuliko yote katika suala hili, kwa sababu lilitenganisha vitu viwili ambavyo maishani huja pamoja.

Lakini kiashiria si jeraha. Hakuna aliyevunjika mfupa Canberra kwa sababu ya siagi na parachichi, na isingewezekana kuona hivyo katika wiki tatu: mzunguko mmoja wa kubomoa na kujenga sehemu ya mfupa huchukua miezi kadhaa. Anayesema kwamba imethibitishwa kuwa lishe ya wanga kidogo huvunja mifupa ya wakimbiaji amepita mbele ya ushahidi. Hata hivyo, kijana ambaye tayari muundi wake unauma akigusa sehemu moja, na anataka kuacha wanga ili apungue uzito kabla ya mashindano, ningemzuia leo bila kusubiri utafiti mwingine. Wakimbiaji bora wa Kenya hawakuhitaji kuambiwa. Kundi la watafiti lililoongozwa na Vincent Onywera lilipima chakula cha wakimbiaji 10 kambini, na kuchapisha matokeo 2004: zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zilitoka kwenye wanga, ugali na sukari ya chai vikiwa mbele.

Sasa saumu. Kosa la kawaida ni kuchukua habari ya Canberra na kuibandika juu ya Ramadhani, eti mwenye saumu naye amekosa wanga. Hajakosa. Tende, uji, mihogo ya nazi, viazi, tambi, maandazi: meza ya futari ya pwani imejaa wanga, na daku huongeza mwingine. Kinachobadilika ni saa za kula, maji ya mchana na usingizi unaokatwa vipande. Ni jambo tofauti kabisa na kula mafuta matupu kwa wiki tatu, na linahitaji ushahidi wake.

Ushahidi huo upo, na unavutana. Karim Chamari na wenzake walifuatilia wachezaji 42 wa soka la kulipwa nchini Tunisia, kabla ya Ramadhani, wakati wake na baada yake. Idadi ya jumla ya majeraha haikuwatofautisha waliofunga na wasiofunga, lakini kwa waliofunga, majeraha ya mazoezini yasiyotokana na kugongana, hasa ya kuutumia mwili kupita kiasi, yalipanda mara kadhaa ndani ya mwezi huo. Kule Qatar, Cristiano Eirale na wenzake walitazama wachezaji zaidi ya 500 wa ligi ya kulipwa, na hawakuona Ramadhani ikiongeza majeraha.

Nani asadikiwe? Angalia jinsi hesabu inavyofanywa. Majeraha huhesabiwa kwa kila saa 1,000 za mchezo. Wachezaji 30 wakifanya mazoezi saa 10 kwa wiki, mwezi mzima unatoa saa 1,200 hivi. Timu ikipata jeraha moja mwezi wa kawaida na sita mwezi wa saumu, kiwango kimepanda mara sita, lakini kimepandishwa na watu watano tu. Kocha mmoja aliyehamishia mazoezi usiku na kuyazidisha anaweza kuwaumiza watano bila saumu kuhusika. Qatar walikuwa na wachezaji wengi zaidi, kwa hiyo bahati mbaya ya timu moja haikuweza kutawala hesabu. Ila wingi huo unaweza pia kuficha timu zilizopanga ratiba vizuri pamoja na zilizopanga vibaya. Nikiyaweka pamoja, naona hatari iko kwenye ratiba kuliko kwenye saumu yenyewe: mazoezi makali katika mwili usiolala vya kutosha.

Kuna jambo moja dogo kuhusu kano ambalo linafaa kuzingatiwa katika kupanga ratiba hiyo. Jaribio lililochapishwa 2017 liliwapa vijana wanane jelatini gramu 15 pamoja na vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba kwa dakika sita, na kiashiria cha kujenga kolajeni kikapanda maradufu kuliko walipopewa kinywaji kitupu. Kolajeni ndiyo nyuzi za kano. Mwenye saumu anayefanya mazoezi alasiri hawezi kupata kitu hicho kwa wakati wake. Anayefanya baada ya futari anaweza. Supu ya makongoro haikupimwa katika jaribio hilo, lakini jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa kama ya makongoro hayo.

Tukija kwenye damu, mambo yamechanganywa vibaya zaidi. Watu husikia kwamba mfungo hufanya damu kuwa nyepesi, kisha mkimbiaji akiona mkojo mwekundu, saumu inalaumiwa kwa kuganda hafifu. Chanzo kinachojulikana vizuri ni cha kimwili kabisa. Mwaka 1977 Norman Blacklock, daktari wa upasuaji wa jeshi la majini la Uingereza, aliwatazama ndani ya kibofu wakimbiaji wa masafa marefu waliokojoa damu, kwa kutumia darubini ya kibofu, mara tu baada ya tukio. Aliona michubuko kwenye ukuta wa nyuma wa kibofu, na mingine inayolingana nayo upande wa chini, mahali kuta hizo zinapogongana. Kibofu kikiwa kitupu, kila hatua huzigonganisha. Mkojo kidogo ndani hutosha kuzitenganisha. Hapo saumu inaingia kwa mlango wa upande: asiyekunywa maji tangu alfajiri, kisha akakojoa kabla ya kukimbia saa 11 jioni, anakimbia na kibofu kitupu. Akisogeza mbio zake hadi baada ya futari na maji, sababu hiyo inaondoka.

Damu ya aina hiyo huisha ndani ya siku mbili tatu za kupumzika. Isipoisha, mtu aende kupimwa, na kwetu pwani kuna sababu ya ziada. Kichocho cha mkojo bado kipo Unguja na Pemba, nacho hutoa damu kwenye mkojo, mara nyingi mwishoni mwa haja, iwe mtu amekimbia au amelala. Kando ya Ziwa Victoria kipo kichocho cha tumbo, ambacho damu yake hutoka kwenye choo kikubwa. Itakuwa ni huzuni mtu aache kufunga au aache kukimbia ilhali alihitaji vidonge vya prazikwanteli. Na mkojo ukigeuka kahawia iliyokolea baada ya mazoezi makali, misuli ikiwa imevimba na kuuma sana, hiyo inaweza kuwa protini ya misuli iliyopasuka ikielekea kuziba figo. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Utumbo nao huvuja damu kwa wakimbiaji, kwa kuwa mwili unapojitahidi hunyima matumbo sehemu kubwa ya damu yake na kuipeleka kwenye misuli na ngozi. Linaloongeza madhara ni kidonge. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walionyesha 2012 kwamba wanaume waliotumia ibuprofeni miligramu 400 jioni, na nyingine kabla ya saa moja ya baiskeli, waliumia utumbo zaidi kuliko walipoendesha bila dawa. Wachezaji wengi humeza vidonge hivyo wakati wa daku ili goti lisiume mchana, kisha hukaa bila maji hadi magharibi. Hilo linanitisha kuliko lishe yoyote ya wanga kidogo.

Kuganda kwa damu kwenyewe hakuvurugwi na siku moja ya kufunga kwa mtu mwenye afya. Ini hutengeneza visababishi vinne vya kuganda kwa msaada wa vitamini K, ambayo mchicha, kisamvu na matembele vinayo kwa wingi. Anayeacha wanga na kula mboga za majani huenda akaipata zaidi kuliko alipokula wali mtupu. Tofauti kubwa iko kwa mtu mmoja: anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Utafiti wa Singapore wa 2014 ulionyesha kwamba damu ya Waislamu wanaotumia dawa hiyo iligeuka nyepesi zaidi mwezi wa Ramadhani, kisha ikarudi. Kinyume chake, aliyebadili lishe ghafla na kujaza sahani mboga za majani anaweza kuifanya dawa isifanye kazi vya kutosha. Wote wawili wanahitaji kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, mapema katika mwezi wa mabadiliko hayo, si baada yake.

Tukirudi kwenye swali la saumu na majeraha, ligi za soka za Zanzibar zina nafasi ambayo Canberra haina: mamia ya wachezaji wanaofunga kila mwaka, katika mwezi unaosogea takribani siku 11 nyuma kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo unapita kwenye masika, kaskazi na kusi. Daftari la daktari wa timu linatosha kuanzia. Aandike tarehe, saa ya mazoezi, saa zilizochezwa, saa alizolala mchezaji, kama alimeza dawa ya maumivu, jeraha lilitokea wapi na kwa kugongana au bila, na siku alizokaa nje. Aanze miezi miwili kabla ya Ramadhani na aendelee miwili baada yake, kwa misimu mitatu, timu zote zikitumia fomu moja.